Kiraka Kilichoondoka na Mzee Hirsi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo nacheka peke yangu jikoni, mpaka wajukuu wanakuja kuniuliza kama niko sawa. Nikimaliza kucheka, moyo unanywea kidogo, kwa sababu siku hiyo nusura mtu mwema afukuzwe kazi kwa kosa langu mimi. Keti nikusimulie. Chai ipo, na mimi siku hizi sina haraka ya kwenda popote.

Wewe unanijua hivi nilivyo, mama mtu mzima mwenye kibanda karibu na daraja, anayetengeneza mashua za faiba. Mvua zikinyesha huko juu na Tana ikifurika, hunijia watu wa uokoaji na wenye mashamba ya ng'ambo, mashua zao zimechubuka kwa magogo na mawe. Wageni wengine hushangaa kumkuta mwanamke wa Kisomali ndani ya hijabu yake, kitambaa puani, msasa mkononi. Hudhani nilisomea. Sikusomea, mwanangu. Niliaibika, ndipo nikajifunza.

Nilipokuwa na miaka ishirini, kazi yangu hapa Waberi, mjini Garissa, ilikuwa kupaka hina. Nilikuwa hodari, nisijisifu bure. Maharusi walitoka hata Habaswein kuja kwangu. Sikuwa na kijiko cha kupimia wala sikuona haja yake. Nilimimina maji ya ndimu kwa jicho, nikachanganya kwa kidole, na rangi ikakolea vile vile kila mara. Watu walinisifu mno, na sifa zikiwa nyingi kichwa cha kijana hujaa upesi. Nikaanza kuamini kwamba hakuna kitu duniani kinachochanganywa ambacho Dekha hawezi kukichanganya kwa jicho.

Baba yangu, aabo, Mungu amrehemu, alikuwa na shamba la ndizi na vitunguu ng'ambo ya mto. Mwaka mmoja aliuza ngamia kadhaa, akaenda Mombasa, akarudi na mashua nyeupe ya faiba juu ya lori. Mji mzima ulitoka kuitazama. Alimwajiri nahodha, Mpokomo mmoja aliyeitwa Komora, mtu mpole, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Aabo alimwamini Komora kuliko alivyowaamini baadhi ya ndugu zake. Aliipenda ile mashua pia. Jioni alikuwa akiipangusa kwa kitambaa chake mwenyewe, na mama yangu alikuwa akisema hajawahi kupanguswa vile.

Sasa sikiliza. Wazee wa Griftu walituma habari kwamba wanakuja kuniposa. Kijana mwenyewe sikuwa nimemwona, nilisikia tu kwamba ni mwalimu na anacheka sana. Aabo alifurahi. Akasema wageni wale watokao nchi kavu lazima wavushwe mto, wakaone shamba na kunywa chai ng'ambo. Siku nne kabla ya wageni kufika, aabo akasafiri kwenda Habaswein kutafuta fahali wa kuchinja. Siku hiyo hiyo, aabo akiwa ameshaondoka, Komora akaenda kwao Hola kwenye harusi ya dada yake, akaacha ufunguo wa injini kwetu, umetundikwa kwenye msumari mlangoni.

Ufunguo ule ulinitazama siku nzima. Kesho yake asubuhi nikauchukua.

Nilijiambia kwamba nimemwona Komora akiwasha injini mara mia, basi nami naweza. Na kuwasha niliwasha. Sikuwa nimemwangalia vizuri akisimamisha. Mashua iliondoka kwa kasi, ikazunguka nusu duara kama mbuzi aliyekatika kamba, ikaja ukingoni na kujipiga ubavu wa nyuma kwenye ile nguzo ya saruji ya pampu ya maji. Nilisikia mkwaruzo mpaka kwenye meno. Injini ilipozima, nilitazama ukingo wa nyuma, pale pana ambapo mtu akipenda anaweza kukaa. Palikuwa na jeraha refu kama mkono wangu. Ile ngozi nyeupe ya nje, ile inayoitwa jelikoti, ilikuwa imebanduka vipande vipande, na nyuzi za faiba zimetokeza ndani, zimelowa maji na mafuta ya injini.

Nililia kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba kwenye stoo ya aabo kuna bati moja la jelikoti alilopewa pamoja na mashua, na kichupa kidogo cha dawa ya kuigandisha. Machozi yakakauka hapo hapo. Kitu cha kuchanganya. Nani mwingine Garissa nzima anajua kuchanganya?

Kwenye bati palikuwa na maandishi. Shule nilikwenda, kusoma najua. Sikuyasoma. Nilichukua jagi la plastiki la mama, lile la kumimina maziwa ya wageni, nikatia jelikoti, nikamimina dawa kama ninavyomimina ndimu, kwa jicho, na ya ziada kidogo ili mambo yaende haraka. Nikaanza kukoroga kwa mwiko wa mama, juani, saa saba mchana, na wewe unalijua jua la Garissa la saa saba.

Yakaenda haraka. Kabla sijahesabu hata mia, jagi lilianza kupata moto mkononi, kisha likatoa moshi, kisha likalainika na kuinama upande kama mtu anayesinzia. Nililitupa chini. Moshi ulipokwisha, jelikoti lilikuwa jiwe, na mwiko umesimama wima katikati hautoki hata kwa kuvuta kwa miguu. Mama alikuja, akatazama jagi, akatazama mwiko, akanitazama mimi. Nikamwambia najaribu hina ya aina mpya. Akaniuliza bibi harusi gani huyo tunayemchukia kiasi hicho.

Mtu mwenye akili angesimama hapo akasoma bati. Mimi niliogopa moto, basi mara ya pili nikatia matone matatu tu ya dawa kwenye sufuria nzima. Rangi nayo ilinisumbua. Mashua ilikuwa imepigwa na jua, weupe wake umeelekea kwenye rangi ya maziwa ya ngamia, na jelikoti la bati lilikuwa jeupe mno. Nikatia manjano ya kupikia, kidogo kwa ncha ya kisu, mpaka rangi zikafanana. Hapo, mwanangu, jicho langu lilifanya kazi yake, hata Komora alikuja kukubali baadaye. Lakini jeraha lenyewe sikuliosha. Sikulikausha, sikulisugua kwa msasa. Nilipaka juu ya maji na mafuta na mchanga, nikalainisha kwa kisu cha siagi, na lilipofunikwa halikuonekana tena. Nilifurahi sana. Nilidhani kutoonekana ndiko kupona.

Jioni nikaligusa. Linanata. Asubuhi nikaligusa tena, linanata vile vile. Siku ya tatu mbuzi wa jirani, mwekundu mwenye manyoya marefu, alipanda pale mashua ilipovutwa mchangani, akajikuna kwenye ukingo kwa raha zake, akaondoka. Kiraka changu kikaota manyoya. Nilikaa pale asubuhi nzima nikiyang'oa moja moja kwa kile kibanio cha nyusi za maharusi. Nilipomaliza, nilichukua kopo la poda ya watoto nikaimwaga yote juu ya kiraka na kusugua kwa kiganja. Kunata kukaisha. Kwa mtu asiyejua, mashua ilikuwa nzima.

Aabo alirudi na fahali wake usiku wa kuamkia siku ya wageni, na Komora alirudi asubuhi yake. Alipanda mashua kuangalia injini, akasimama, akanusa.

"Dekha," alisema, "mashua hii inanukia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa."

Nikamwambia ni heshima ya wageni. Alinitazama kidogo, akatazama ukingo wa nyuma, kisha akaendelea kumimina petroli. Muda haukuwepo, kwa maana vumbi la gari la wageni lilikuwa limekwisha kuonekana.

Walikuwa wazee watano, na mkubwa wao aliitwa Mzee Hirsi. Mrefu, ndevu zimepakwa hina vizuri, macawis mpya kiunoni, kile kikoi chetu cha Kisomali, yenye mistari ya buluu, shali begani. Alikuwa ameishi na ngamia maisha yake yote na hajawahi kupanda chombo cha majini. Hakutaka ijulikane. Komora alipomwonyesha ubao wa kukalia katikati, pamoja na wenzake, alikataa, akaenda nyuma akachagua ukingo mpana ambapo mtu anaona mto wote. Akaketi juu ya kiraka changu kwa uzito wake wote.

Mimi nilikuwa mbele na mama na shangazi yangu, tumebeba chupa za chai na vyombo. Nilijifunika uso kwa shali. Watu walidhani ni haya za mchumba.

Tulivuka salama. Wenzake walishuka, wakanyoosha migongo, aabo akawa anawaonyesha migomba. Mzee Hirsi hakushuka. Aabo akamwita. Mzee Hirsi akamjibu kwa Kisomali kwamba shamba analiona vizuri kutoka pale alipo, tena zuri. Komora akampa mkono wa kumsaidia. Kwa Komora mzee alizungumza Kiswahili cha sokoni, na upepo kwake ulikuwa "ubebo".

"Wewe enda tu," alisema. "Mimi iko sawa hapa. Ubebo ya hii mto ni mzuri."

Sasa, wewe unajua adabu za wazee wetu. Mkubwa wa msafara akikaa, hamumwachi peke yake kama mzigo. Wale wanne wakatazamana, wakarudi, wakapanda tena mashuani. Aabo naye akapanda. Ikabidi chai iletwe mashuani, ndizi ziletwe mashuani, na maneno ya posa yaliyopangwa kusemwa kwenye mkeka kivulini yakasemwa juani, ndani ya mashua iliyofungwa kwenye mgomba. Kila yalipoelekea kwisha, Mzee Hirsi aliyaongeza. Alieleza mvua za Griftu za miaka yote. Alieleza ukoo wake mpaka babu wa saba. Kila baada ya muda niliona anajaribu kujiinua taratibu upande mmoja, uso wake hautingishiki, kisha anarudi chini na kuanza habari nyingine. Jua lilikuwa linapanda, na kile ambacho matone matatu yalishindwa kukigandisha kwa siku tatu, joto la jua na la mzee mwenyewe lilikuwa linakigandisha sasa, pamoja na macawis yake.

Nilitaka kucheka na nilitaka kufa, vyote kwa wakati mmoja.

Kisha adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka ng'ambo. Wote wakasimama. Mzee Hirsi akabaki. Aabo akamwambia kwa upole kwamba ni wakati wa sala. Mzee akasema amesikia. Wakangoja. Hapo hata ndizi ziliona kuna jambo, maana hapana mzee wa Kisomali anayeambiwa twende tukasali akabaki akitazama mto. Mwishowe akamwashiria Komora ainame, akamnong'oneza.

"Hii kitu imeshika mimi."

Komora alishika mkono mmoja, aabo akashika wa pili. Wakavuta. Kulitokea sauti kama ya kuchana turubai, na Mzee Hirsi akasimama. Macawis ilibaki mwilini mwake, Alhamdulillahi. Lakini kiraka changu chote kilibanduka nayo, kizima, kikubwa kama sinia, rangi ya maziwa ya ngamia, kimemkaa nyuma huku kikitoa poda. Na pale ukingoni palibaki jeraha jeusi, limelowa, linanuka mafuta.

Hakuna aliyecheka. Mzee Hirsi alijifunga shali kiunoni juu ya kiraka, akashuka kwa heshima zake zote, akaenda kutawadha.

Aabo aliinama akaligusa lile jeraha kwa kidole. Kisha akamgeukia Komora, akasema kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ya baba yangu ilikuwa mbaya kuliko ya juu:

"Nilikukabidhi mashua. Umeivunja, ukaificha, ukanikalishia mgeni juu yake. Tukitoka kusali utanipa ufunguo."

Komora alinitazama mara moja tu. Alijua. Alikuwa amejua tangu aliponusa. Akainamisha kichwa, akasema, "Sawa, mzee."

Wakaenda kusali. Sisi wanawake tukasali nyuma yao kwenye migomba. Sitakudanganya, mwanangu, rakaa zile sijui nilizisali vipi. Nilikuwa nahesabu watoto wa Komora. Walikuwa watatu, na wa nne njiani. Nilijiambia kwamba nikinyamaza, atapata kazi kwingine, nahodha mzuri hakosi kazi. Nilijiambia kwamba nikisema, wageni watarudi Griftu na hadithi, na hapana atakayeniposa tena kuanzia hapa mpaka Mandera. Mambo hayo yote niliyasema moyoni na paji la uso likiwa ardhini. Aibu ya hilo ndiyo iliyoniinua.

Walipogeuka kutoka kwenye sala nilikuwa nimesimama mbele yao.

"Aabo, si Komora," nilisema. "Komora alikuwa Hola. Ni mimi niliyeigonga na ni mimi niliyepaka. Poda pia ni yangu."

Mama alifumba macho. Shangazi alisema "Subhanallah" polepole, kama anayemfariji mgonjwa. Aabo alifungua mdomo, lakini mbele ya mgeni hakuweza kusema kabla ya mgeni. Wote wakamtazama Mzee Hirsi.

Mzee alifungua shali, akageuza macawis ubavuni, akakitazama kile kiraka kwa makini kama anayechunguza meno ya ngamia sokoni. Akakipiga kwa ukucha.

"Rangi umeipatia," alisema. "Hii umetia nini?"

"Manjano ya kupikia."

Alitikisa kichwa. Kisha akaniambia maneno niliyoyabeba mpaka leo. Alisema: "Binti, mimi sijui mashua, nadhani nyote mmeona. Najua ngamia. Ngamia akichubuliwa na mzigo mgongoni, kijana asiyejua humpaka dawa juu juu, akafunika, akampakia tena mzigo. Ngozi inafunga, na chini yake kunaoza. Siku moja ngamia anaanguka njiani na watu wote wanashangaa. Mimi nikikuta jeraha kama hilo nalifungua, naliosha mpaka mnyama apige kelele, nalianika mpaka likauke, ndipo natia dawa. Wewe hukuosha. Ndiyo maana dawa yako imenipenda mimi ikaiacha mashua."

Hapo mmoja wa wale wazee alishindwa. Alianza kwa kukohoa, kisha akainama, mabega yanatetemeka, na wote wakafuata. Mzee Hirsi alikuwa wa mwisho kucheka, lakini alicheka mpaka akashika mgomba.

Aabo hakucheka siku hiyo. Alimwomba Komora radhi mbele ya watu wote, na hilo nalo sijalisahau, kwa sababu baba yangu hakuwa mtu wa kuomba radhi. Kisha akaniambia kwamba mashua haitaingia majini mpaka nimeitengeneza mwenyewe, na kwamba Komora atanifundisha kwa mdomo tu, mikono yake isiguse kitu.

Ilinichukua siku kumi na moja. Tulianza kwa kubomoa, wala si kupaka. Komora alinifanya nikwangue kila kilicholegea, mpaka jeraha likawa kubwa mara mbili ya mwanzo, nikamlalamikia kwamba tunaharibu zaidi. Akasema bado. Nikaliosha kwa dawa ya kuondoa mafuta, nikalisugua kwa msasa, nikaliosha tena. Kisha tukaliacha likauke siku nne nzima kivulini, na siku hizo nne zilinichosha kuliko kazi yote, kwa sababu mkono wangu haukujua kungoja. Nilijaza nyuzi mpya, nikasugua. Dawa ya kugandisha niliipima kwa bomba la sindano, tone kwa tone, bati limewekwa mbele yangu nikilisoma kwa sauti kama mtoto wa madrasa. Tulichanganya kidogo kidogo, alfajiri baada ya sala, kabla ya jua kuwa kali. Nilipomaliza kupaka, Komora akaniambia nifunike kwa karatasi ya nailoni nikiibana vizuri, kwa sababu jelikoti likipigwa na hewa uso wake haukauki. Kumbe siri ya kunata haikuwa uchache wa dawa peke yake. Iliandikwa pale pale kwenye bati.

Siku ya mwisho nilisugua kwa msasa laini na maji mpaka kidole hakikuona mpaka kati ya kipya na cha zamani. Manjano sikutia. Komora alikuwa na rangi yake maalumu, lakini kuipima alinipa mimi.

Utaniuliza kuhusu posa. Wazee walirudi Griftu na hadithi, kama nilivyoogopa, na Mzee Hirsi mwenyewe ndiye aliyeisimulia, tena kwa kuongeza chumvi. Yule mwalimu anayecheka sana aliisikia, akacheka siku mbili, kisha akapanda gari kuja kumwona msichana mwenyewe. Alinikuta nimejaa vumbi jeupe mpaka kope. Hakusema maneno matamu. Aliuliza kama kuna msasa wa ziada. Tumekaa pamoja miaka thelathini na kitu, na watoto sita.

Basi nasaha zangu ni hizi, mwanangu, na sizitoi kwa sababu nina busara nyingi, nazitoa kwa sababu nilimgandisha mgeni wa baba yangu kwenye mashua. Ukiharibu, usikimbilie kupaka. Lifungue kosa lako, liache lionekane lote, hata likionekana kubwa kuliko ulivyodhani, ulitengeneze likiwa safi na kavu. Kipaji ulichopewa kwenye kazi moja usikipeleke kichwakichwa kwenye kazi nyingine. Soma bati, uliza anayejua, pima. Na ukiona mwenzako anainamisha kichwa kwa ajili ya kosa lako, sema hapo hapo, usingoje yeye akutetee na wala usingoje ujasiri, kwa sababu mimi sikuwa nao, nilisimama tu, na ilitosha.

Mwenyezi Mungu akupe mkono wenye subira na ulimi unaokubali kosa upesi. Akupe mwalimu mpole kama Komora na wakwe wenye kucheka. Akuvushe kila maji utakayovuka, wewe na wote utakaowapakia, mfike ng'ambo salama. Amin. Sasa nipe hicho kikombe, chai imepoa.